Kilicho Chini ya Kifuniko

Ukitaka kumpima mtengenezaji wa gelato, usianze na pistachio wala chokoleti. Agiza ile nyeupe ambayo watalii huipita bila kuitazama, fior di latte: maziwa, krimu, sukari, na kitu kidogo cha kuvishikanisha. Haina vanila, haina yai, haina hata harufu ya kahawa. Anayejua kumpima mpishi wa pwani haombi biriani. Huomba wali wa nazi mtupu, kwa sababu kwenye biriani viungo humsitiri mtu na kwenye wali mweupe hakuna pa kujificha. Ndivyo ilivyo kwa fior di latte. Kama maziwa yalipata moto kupita kiasi, utayasikia. Kama sukari ilizidi, utatoka dukani na kiu. Kama mashine ilizungushwa ovyo, ulimi utakutana na chenga za barafu, na hakuna rojo la cheri la kuzifunika.

London si mji wa Italia, na mtu aliyewahi kula gelato Bologna au Palermo ana haki ya kucheka akisikia kuna anayeitafuta ile ya kweli kwenye mji wa mvua na chai. Acheke, kisha anyooshe miguu hadi Archer Street, mtaa mfupi wa Soho nyuma ya majumba ya tamthilia ya Shaftesbury Avenue. Hapo, tangu mwaka 2010, pana Gelupo, duka dogo la Jacob Kenedy, mkabala na mkahawa wake wa Bocca di Lupo. Au ashuke South Kensington, aingie Bute Street, ambako Christian Oddono aliacha kazi za mabenki akafungua Oddono's mwaka 2004. Au awatafute Badiani, ambao duka lao la Firenze ni la mwaka 1932 na ambao siku hizi wako London pia. Sitawapanga kwa namba. Kupanga kwa namba ni kazi ya watu wenye haraka, na jibu lao hubadilika kila kiangazi. Mimi ninachokistaajabia ni ufundi wenyewe, na hasa tabia yake moja: fundi wa gelato hutambulika kwa vile alivyovikataa. Amekataa hewa ya bure, amekataa rangi, amekataa mafuta ya ziada, amekataa lundo refu la kuwasimamisha wapita njia.

Tuanze na hewa, maana ndiyo malighafi ya bei rahisi kuliko zote. Aiskrimu ya aina yoyote ina hewa ndani yake. Bila hewa ingeumiza meno. Suala ni kiasi. Ile ya viwandani, ya ndoo za supamaketi, inaweza kupulizwa mpaka ujazo wake ukawa mara mbili ya mchanganyiko ulioingia kwenye mashine. Kwa kuwa Uingereza huiuza kwa lita na si kwa kilo, mnunuzi wa lita moja huenda akaibeba nusu lita ya hewa hadi nyumbani, tena kwa risiti halali. Gelato huzungushwa polepole, na hewa inayoingia kwa kawaida ni kati ya asilimia 20 na 35 ya ujazo wa mchanganyiko. Ndiyo sababu kikombe chake kidogo ni kizito mkononi. (Waingereza hupenda kusimulia kwamba Margaret Thatcher, alipokuwa mkemia wa kampuni ya J. Lyons kule Hammersmith kabla ya siasa, ndiye aliyebuni aiskrimu laini ya kujaa hewa. Kwamba aliajiriwa hapo ni kweli. Ushahidi wa uvumbuzi wenyewe ni mwepesi.)

Mafuta nayo hupunguzwa. Aiskrimu nzito ya Kiingereza au ya Kimarekani huanzia asilimia 10 ya mafuta na kupanda hadi 16 na zaidi. Gelato ya maziwa hukaa kati ya 4 na 9. Hili si suala la ubahili, wala la afya. Mafuta baridi hutanda juu ya ulimi, na ladha hulazimika kungoja utando huo uyeyuke ndipo ifike. Yakipungua, njugu husikika njugu na maziwa husikika maziwa. Kisha kuna baridi yenyewe. Gelato huuzwa ikiwa nyuzi 12 hadi 14 chini ya sifuri, wakati aiskrimu ya kawaida huhifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Tofauti hiyo ndogo kwenye kipimajoto ni kubwa kinywani, kwani ulimi uliokufa ganzi hauonji kitu.

Ila ukishapunguza hewa na mafuta, umeviondoa vitu viwili vinavyosaidia kuificha barafu, na umebaki na maji. Zaidi ya nusu ya gelato ni maji, na maji yakiachiwa yagande yapendavyo hujijengea fuwele kubwa. Zikifika kama milimita 0.05 ulimi unaanza kuzihisi. Mswahili anayajua haya tangu utotoni bila kufundishwa. Zile barafu za ukwaju na za ubuyu zinazouzwa kwenye vifuko vya plastiki kutoka friza za majumbani, Dar es Salaam, Unguja, Mombasa: mtoto hung'ata ncha ya kifuko, hufyonza, na haupiti muda ukwaju wote uko tumboni na mkononi pamebaki kipande cha barafu jeupe kisicho na ladha. Maji yaliganda kwanza, yakiwa masafi, yakaisukuma sukari na ukwaju kando. Anachokifyonza mtoto ni sharubati iliyobanwa katikati ya fuwele. Kazi yote ya gelato ni kuizuia talaka hiyo isitokee.

Silaha ya kwanza ni sukari, na hapa fundi hana budi kuwa mkemia kidogo. Sukari haitiwi kwa ajili ya utamu tu; huyazuia maji yasigande yote. Kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri sehemu ya maji ya gelato bado haijaganda, na sehemu hiyo ndiyo inayouruhusu mwiko upenye. Sukari ya mezani ikizidi, ulaini unapatikana lakini utamu unakera. Kwa hiyo fundi huipunguza na mahali pake hutia dekstrosi, sukari itokanayo na wanga, ambayo kwa uzito uleule huishusha nyuzi ya kuganda karibu mara mbili ya sukari ya mezani, huku utamu wake ukiwa kama asilimia 70 tu. Chokoleti ina kakao inayokaza, basi hesabu yake ni nyingine. Njugu zina mafuta yake, hesabu nyingine tena. Ndimu ina maji na ukali, haina maziwa, hesabu ya peke yake. Na ladha zote hizo zinakaa kwenye kabati moja, kwenye baridi moja, na zote zinatakiwa zichoteke kwa ulaini mmoja. Mteja anaona rangi 20 zimejipanga. Fundi alikaa na mizani na karatasi mara 20 ili hiyo ya ndimu isiwe jiwe na ile ya chokoleti isiwe uji, na hakuna atakayemsifu kwa hilo, kwa sababu kikifanyika sawasawa hakionekani.

Kuitengeneza kwenyewe kuna subira ambayo haipigiwi picha. Maziwa, krimu, maziwa ya unga yasiyo na mafuta na sukari hupimwa kwa gramu, vikapashwa hadi nyuzi 85 kisha vikapoozwa upesi hadi nyuzi 4. Katika joto lile la nyuzi 85 ndipo unga wa mbegu za karobu unapoamka. Karobu ni mti wa nchi za Mediterania wenye maganda marefu, na unga wa mbegu zake hunywa maji na kuyashika yasitangetange. Gramu chache kwa kilo zinatosha. Unga kama huo huitwa kiimarishi, na najua wapo wanaosikia neno hilo na kukunja uso, wakidhani wamepewa sumu ya maabara. Mimi namhofia zaidi anayeutia mwingi, kwa sababu gelato yake haiyeyuki: utaiacha mezani, uende kulipa, urudi uikute imesimama vilevile.

Mchanganyiko uliopoa haugandishwi siku hiyohiyo kama fundi ana nafasi. Hulazwa kwenye baridi ya nyuzi 4 kwa saa kadhaa, mara nyingi usiku kucha. Hapo protini za maziwa zinajaa maji, mafuta yanakaza, ladha zinazoeana. Ukionja jioni na ukaonja tena asubuhi ni vitu viwili.

Asubuhi ndipo mashine inapopata kazi. Kwa muda mrefu ilikuwa mkono wa mtu. Mwaka 1927, huko Bologna, Otello Cattabriga alitengeneza mashine iliyoiga mzunguko wa mkono na ukwanguaji wake. Baada ya vita, mwaka 1946, mjini humohumo ikazaliwa kampuni ya Carpigiani, ambayo mashine zake utazikuta leo nyuma ya kaunta nyingi duniani na ambayo tangu 2003 ina chuo chake cha gelato huko Anzola dell'Emilia. Ndani ya mashine kuna pipa lenye ukuta wa baridi kali na visu vinavyoukwangua ukuta huo bila kupumzika. Maji yakigusa ukuta yanaganda. Kabla fuwele haijapata wasaa wa kukua, kisu kimeshaikwangua na kuirudisha katikati. Kazi hii ikifanywa upesi, kwa dakika kama 10, fuwele zinakuwa nyingi na ndogo. Mchanganyiko ukianza kukaza, mashine hubadilisha sauti, na mtu aliyeizoea huisikia akiwa amewapa mgongo mashine na mteja pamoja. Akifungua mlango, gelato inatoka ikiwa kama nyuzi 8 chini ya sifuri, inang'aa, inaserereka, na anaipokea kwa mwiko bapa. Kijiko cha kuchota madonge huonekana sana kwenye maduka ya aiskrimu. Cha gelato ni mwiko, kwa sababu kabla ya kuitia kwenye koni huipigapiga kwanza ukutani mwa chombo ili irudi kuwa laini.

Kuna ladha inayotaka wepesi wa mkono katika dakika hizo za mwisho tu. Stracciatella ilianzia Bergamo mwaka 1961, kwenye mkahawa wa La Marianna wa Enrico Panattoni: chokoleti iliyoyeyushwa humiminwa kwa uzi mwembamba juu ya gelato nyeupe inayozunguka, ikaganda papo hapo na kuvunjika vipande visivyolingana. Gelupo wana yao ya mnanaa mbichi. Ni nyeupe, au karibu na nyeupe, na mwenye kuzoea mnanaa wa kijani cha rangi ya dawa ya meno atadhani amepewa kikombe cha mtu mwingine mpaka akionje.

Kwa nini London, basi? Kwa sababu mji huu umekula barafu za Waitaliano kwa muda mrefu kuliko unavyokumbuka. Mwanzo ilikuwa anasa ya tabaka. Kwenye karamu ya Windsor ya mwaka 1671 iliandaliwa sahani moja ya aiskrimu, na ilikwenda kwenye meza ya Mfalme Charles II. Mwaka 1757 Mwitaliano Domenico Negri alifungua duka la vitamutamu Berkeley Square, lenye alama ya chungu na nanasi. Baadaye likaitwa Gunter's, na mabibi wa kikabaila wakawa wanapelekewa barafu kwenye magari yao ya farasi chini ya miti ya uwanja huo.

Aliyeiteremsha hadi mtaani ni Carlo Gatti, na kusema kweli hakuwa raia wa Italia. Alitoka Ticino, jimbo la Uswisi linalosema Kiitaliano. Alifika London mwaka 1847 na kuanza kwa kuuza vitu vya kutafuna barabarani. Mwaka 1849 alikuwa na mkahawa kwenye soko la Hungerford, pale ambapo sasa ni stesheni ya Charing Cross. Alitaka kuuza aiskrimu kwa peni moja, bei ya mtu wa kawaida, na kikwazo hakikuwa maziwa. Kikwazo kilikuwa barafu. Mwanzoni aliikata kwenye Regent's Canal, mfereji uliopita katikati ya viwanda na farasi, ulipoganda wakati wa baridi. Kisha, kuanzia mwaka 1857, akaileta kutoka Norway: ilikatwa ziwani kwa msumeno, ikafunikwa vumbi la mbao, ikaja kwa meli hadi Limehouse, na kutoka hapo ikavutwa kwa matishari kupitia mfereji uleule hadi King's Cross. Hapo alichimbisha visima viwili vya matofali, kila kimoja na upana wa karibu mita 10, akavijaza. Barafu nyingi kiasi hicho hujilinda yenyewe. Ya nje huyeyuka kidogo na kuihifadhi ya ndani, ikakaa kwa miezi bila umeme wowote.

Jengo lililo juu ya visima hivyo sasa ni London Canal Museum, kwenye New Wharf Road, na ni mwendo wa miguu tu kutoka stesheni ya King's Cross. Ningemshauri mpenzi yeyote wa gelato aende pale kabla ya kwenda Soho. Unachungulia shimo la giza lenye matofali yaliyoloa na ndipo unaelewa kwamba kabla ya sukari, kabla ya maziwa, hii ilikuwa biashara ya kubeba mizigo. Wala barafu hiyo ya Norway haikuingia kwenye aiskrimu. Ilipondwa, ikachanganywa na chumvi kwenye ndoo ya mbao, na katikati ya ndoo kikasimamishwa chombo cha bati chenye mchanganyiko. Chumvi huilazimisha barafu iyeyuke, na katika kuyeyuka huvuta joto la chochote kilicho karibu. Baridi hushuka chini kabisa ya sifuri. Mtu alikizungusha chombo kwa mkono, akafungua, akakwangua ukuta, akafunga, akazungusha tena. Visu vya Bologna vinafanya kazi hiyohiyo ya kukwangua, ila havichoki.

Waitaliano waliofuata walijazana Clerkenwell, kwenye Saffron Hill na Eyre Street Hill, kulizunguka kanisa la St Peter's lililofunguliwa mwaka 1863. Walipika mchanganyiko kwenye vyumba walimolala, wakasukuma mikokoteni asubuhi. Walichouzia kilikuwa kibilauri cha kioo kinene chenye shimo dogo, kilichoonekana kimejaa kuliko kilivyojaa. Mteja alilamba, akarudisha, kikasuuzwa kwa maji yaleyale ya ndoo, akapewa anayefuata. Kifua kikuu kilipita humo, na mwishoni mwa karne ya 19 London ikavipiga marufuku. Agnes Marshall, Mwingereza aliyekuwa na shule ya mapishi Mortimer Street na aliyekuwa amechapisha kitabu kizima cha barafu mwaka 1885, alishaandika mwaka 1888 jinsi ya kutengeneza koni ya kuliwa. Mwaka 1902 Antonio Valvona wa Manchester akasajili kifaa cha kuoka vikombe vya biskuti. Kwa hiyo koni unayoitafuna leo ni, kwa sehemu, amri ya daktari.

Kisha vikaja vita. Italia ilipoingia upande wa Hitler, tarehe 10 Juni 1940, vioo vya maduka ya Waitaliano vilivunjwa na wanaume wao wakakamatwa. Tarehe 2 Julai meli ya Arandora Star, iliyokuwa ikiwapeleka wafungwa Kanada, ilipigwa na kombora la nyambizi ya Kijerumani, na Waitaliano zaidi ya 400 wakafa. Wengi walikuwa watu wa mikahawa na aiskrimu. Kumbukumbu yao iko kwenye kanisa la Clerkenwell. Baada ya vita Uingereza ikaizoea aiskrimu ya mafuta ya mimea na hewa, na kizazi kizima kikakua kikiamini kwamba njano ni ladha. Familia chache zilishika njia ya zamani. Marine Ices ya Gaetano Mansi, iliyofunguliwa Haverstock Hill mwaka 1931, iliwalea watoto wengi wa kaskazini mwa London kabla neno gelato halijawa la fasheni.

Sasa mtu asimame mbele ya duka asilolijua na atumie macho kabla ya pesa. Kama gelato imerundikwa kama vilima, imepambwa kwa matunda mazima na biskuti, mimi hupita. Gelato yenye hewa kidogo haiwezi kusimama hivyo. Ikipanda juu ya ukingo wa chombo inapata joto na kulegea. Kilima kinachosimama kimesaidiwa, na aliyekisaidia si ng'ombe. Nikikuta vyombo virefu vya chuma vilivyozamishwa kwenye kaunta, vyenye vifuniko, bila rangi yoyote ya kuniita, hapo hutulia. Waitaliano huviita pozzetti. Kifuniko huweka baridi moja, huzuia mwanga na hewa visiichakaze, na humnyima muuzaji tangazo lake kubwa kuliko yote. Duka linaloficha bidhaa yake linakutaka uiamini midomo ya waliotangulia. Si kila duka zuri lina vifuniko, lakini sijajutia sana lile lililo navyo.

Pale zinapoonekana, rangi husema. Ndizi mbichi ikisagwa inakuwa ya kijivu, kwa hiyo gelato ya ndizi iliyo njano imepakwa. Pistachio iliyokaangwa na kusagwa hutoa kijani kilichofifia kinachoelekea kahawia. Ya kijani cha kung'aa huwa imeongezwa rangi, na mara nyingi imeongezwa lozi pia, kwa sababu pistachio ni ghali. Ile ya Bronte, chini ya volkano ya Etna, huvunwa mwaka mmoja na kuachwa mwaka unaofuata, kwenye ardhi ya mawe ya lava ambako mashine hazipiti. Mavuno yake ni madogo mno kuweza kujaza kila kabati la Ulaya linalotaja jina lake. Sehemu kubwa ya pistachio za dunia zinatoka Marekani, Iran na Uturuki, na fundi mkweli akikwambia anatumia za Uturuki usimdharau.

Tazama pia kalenda. Stroberi za Kiingereza ni za Juni na Julai. Zikiwa kwenye kabati la Januari zimetoka mahali fulani, na inafaa kuuliza ni wapi. Machungwa mekundu ya Sicily ni ya miezi ya baridi, na ni raha ya ajabu kuila sorbeto yake London mwezi wa Februari, umevaa koti, pua imefura, duka halina foleni. Usilitegemee neno linaloandikwa madirishani kwamba gelato imetengenezwa kwa mikono. Hata huko Italia kuna maduka yanayofungua mfuko wa unga wa kiwandani, yakatia maziwa na rojo la kopo, yakawasha mashine. Si kila mwenye mfuko ni mwizi. Wengine huanzia hapo wakajifunza. Lakini ladha ya mfuko ni moja kutoka Leicester Square hadi Venezia, na ukishaijua hutaisahau.

Wenzetu wa Malindi na Watamu wameyajua haya mapema kuliko sisi wengine, kwa kuwa Waitaliano wamekuwa jirani zao tangu siku za mradi wa roketi wa San Marco miaka ya 1960, na wakaja na gelato yao. Kilichobaki ni sisi kuingiza vya kwetu kwenye hesabu. Pendekezo langu la kwanza lingekuwa ukwaju, kwa ukali wake na kwa jinsi usivyohitaji maziwa. Kwa karibu kilo moja ningeanzia hapa: gramu 650 za maji, gramu 80 za ukwaju ulioondolewa kokwa na nyuzi, gramu 200 za sukari, gramu 60 za dekstrosi, gramu 4 za unga wa mbegu za karobu. Changanya ule unga na sukari vikiwa vikavu ili usifanye mabonge, utie kwenye maji, pasha hadi nyuzi 85, pooza, ndipo utie ukwaju, uchuje, ulaze usiku mzima kwenye jokofu. Asubuhi onja kabla ya kugandisha. Ikiwa haijaganda inapaswa kuwa tamu kidogo kuliko unavyopenda, kwa sababu baridi itaumeza utamu huo. Ukwaju haulingani ukali kila mahali, basi usiuamini uzito peke yake. Ikitoka ngumu, ikakataa mwiko kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, ondoa gramu 10 za sukari, tia 10 za dekstrosi, uanze upya. Na rangi yake ya kahawia usiiguse.